Shangazi Anauliza Nimefika Wapi, Nami Nimekwama kwa Joseph

Mshauri wetu, shikamoo.

Nina miaka 33, naishi Mwanza, nafanya kazi masjala katika ofisi moja hapa mjini. Tatizo langu ni kitabu. Najua wanaoandikia safu hii wengi wana mizigo mizito zaidi, lakini hili langu limenifikisha mahali pa kumdanganya mtu aliyenilea, na kila Jumapili jioni simu ikiita nafsi inanisuta.

Shangazi yangu anaishi Tanga. Alifundisha Kiingereza sekondari hadi akastaafu, na ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza darasa la kwanza. Mwanzoni mwa mwaka alinitumia kwa basi riwaya ya Wuthering Heights ya Emily Brontë, nakala yake ya siku nyingi, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi. Ndani aliandika: “Sasa umekua, soma.” Macho yake yana mtoto wa jicho, herufi ndogo hazisomi tena, kwa hiyo akaona kitabu kihamie kwangu.

Nilikipokea kwa furaha. Filamu yake nilishaitazama nikalia, nikadhani nakwenda kuisoma ile hadithi ya mapenzi kwa kirefu. Sikufika mbali. Katika sura ya 2 anatokea mtumishi mzee anaitwa Joseph, na mzee huyo akifungua mdomo siambulii kitu. Nakunakilia mstari mmoja kama ulivyo: “Goa rahnd by th’ end ut’ laith, if yah went tuh spake tull him.” Mimi nimesoma chuo kwa Kiingereza, barua za ofisini naziandika kwa Kiingereza. Mstari huo niliutazama mpaka nikahisi ni makosa ya mpiga chapa.

Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma hivihivi nikitumaini mbele kutapambazuka, nikachoka. Mara ya pili nilikaa na kamusi na daftari: ukurasa mmoja ulinichukua karibu saa nzima, na maneno kama “nobbut”, “shoo” na “flaysome” kamusi yangu haina. Nikayaingiza kwenye programu ya tafsiri ya simu, ikanirudishia yaleyale niliyoandika. Mara ya tatu nikaamua kuruka kila anachosema Joseph. Nilikwenda vizuri hadi sura ya 10, kisha nikaanza kupotea: Heathcliff aliondoka maskini, amerudi na fedha, na Hindley mwenye nyumba ndiye sasa yumo mikononi mwake. Sikujua imekuwaje. Sura ya 13 nikakutana na Joseph tena, ukurasa baada ya ukurasa, nikafunga kitabu. Kiko juu ya kabati tangu mwezi wa nne.

Shangazi akipiga simu, baada ya salamu swali ni moja: “Umefika wapi?” Mara ya kwanza nilisema kweli, sura ya 2. Baadaye nikaanza kuongeza chumvi. Sasa anaamini nimevuka nusu na nampenda mno Heathcliff. Na aliwahi kuniambia neno lililonikaa kooni: “Aliyeshindwa na kitabu hiki hakushindwa na macho, kashindwa na masikio.” Nililipokea kama tusi kabla hata sijakiri kushindwa.

Baada ya wiki tano anakuja Mwanza kutibiwa jicho, atafikia kwangu, na amesema tutakizungumza kitabu mwanzo hadi mwisho. Je, nijilazimishe? Nisome muhtasari nimezee? Nimwambie ukweli? Au Kiingereza changu ndicho kibovu na nimekuwa nikijidanganya miaka yote hii? Na je, ni vibaya kutokipenda kitabu ambacho wasomi wote wanakisifu?

Ni mimi,
Niliyekwama, Mwanza

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nikuambie nilivyokuelewa, nawe unisahihishe moyoni nikikosea. Una mafundo mawili kwenye kamba moja. La kwanza ni la kitabu: kuna mtu ndani yake husikii anasema nini, na kila njia uliyojaribu imekuishia. La pili ni la shangazi: umesema uongo mdogo, ukazaa mwingine, na sasa anakuja kulala chini ya paa lako. Umeyafunga pamoja kiasi kwamba kukiri huku kunakuwa kukiri kule. Tuyafungue moja moja, tuanze na la kitabu, maana hilo lina majibu ya kushika mkononi.

Umeuliza kama Kiingereza chako ni kibovu. Wuthering Heights ilitoka London Desemba 1847, na mwandishi alijificha nyuma ya jina la Ellis Bell. Emily alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 30. Mwaka 1850 dada yake Charlotte aliitayarisha kwa chapa mpya, na akamwandikia W. S. Williams, mtu wa kampuni ya uchapishaji, kwamba anaona afadhali apunguze ukali wa tahajia ya maneno ya Joseph. Alisema kwa sikio la mtu wa Yorkshire, kule kaskazini mwa Uingereza anakotoka Joseph, maneno yale yameandikwa barabara kabisa, lakini wasomaji wa kusini hawatayaelewa, na hivyo watampoteza mmoja wa wahusika walio hai kuliko wote kitabuni. Wasomaji wa kusini anaowasema ni Waingereza, waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Miaka mitatu tu baada ya kitabu kutoka, tayari walikuwa wanakwama palepale ulipokwama wewe.

Sasa utazame mstari ulioninakilia. “Goa rahnd” ni tahajia ya 1847, ya Emily mwenyewe. Katika maandishi ya Charlotte ya 1850 mahali hapo pameandikwa “Go round”, na “yah” imekuwa “ye”. Nakala ya shangazi inafuata ile ngumu. Ya 1850 si nyepesi kama uji, bado utakuta “nobbut” na “flaysome”, lakini inapunguza mashaka mengi, na kwa kuwa kitabu hakina tena hakimiliki unaweza kuipata bila malipo mtandaoni. Kutambua uliyonayo, fungua sura ya 2 utafute palepale kwa Joseph. Wapo wasomaji wanaosoma laini kwanza, kisha wanarudi kwenye kali. Hasara yake ni kwamba unamsikia Joseph aliyesafishwa na dada wa mwandishi kwa ajili ya wageni, na baadhi ya wahariri wa leo wamerudi 1847 kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini kabla hujabadilisha nakala, jaribu jambo moja na huo mstari wako. Usiusome kwa macho. Utamke kwa sauti, polepole, kama unavyotamka Kiswahili, kila herufi isikike. “Rahnd” itatoka karibu na “round”, neno unalolijua. “Spake” itajionyesha kuwa “speak”. “Yah” ni wewe, “tuh” ni ile “to” ya kila siku, “tull” ni kwa. “Ut’” ni maneno mawili yaliyogandana, “of” na “the”. Linabaki neno moja tu lisilotoka kwenye Kiingereza chako, “laith”, nalo ni banda kubwa la shambani la kuwekea mavuno na mifugo. Basi Joseph anamwambia mgeni: zunguka mwisho wa banda kama unataka kusema naye. Hakuna zaidi. Mstari uliokufanya umlaumu mpiga chapa ulikuwa na neno moja geni.

Kuna mtego umejificha humo, nao ni mbaya kuliko “laith” kwa sababu hauonekani. Ni “went”. Jicho lako linaliona na kulipitisha kama “alikwenda”, halafu sentensi haikai sawa na hujui kwa nini. Hapo maana yake ni “want”, kutaka. Maneno ya aina hii ndiyo yanayochosha: kamusi inakupa jibu, jibu lenyewe la uongo. Katika sura hiyohiyo Joseph anamkemea binti wa nyumba kwa uvivu “un war”. Si vita, ni “na mabaya zaidi”. Sura ya 5 anawaambia watoto “frame” waende juu kimyakimya. Hakuna fremu hapo, anawaambia waondoke. Na “the house”, kwa watu wa pale, ni kile chumba kikubwa cha kukaa chenye moto. Hili la mwisho msimulizi analieleza mwenyewe katika sura ya 1, pamoja na neno “wuthering”, ambalo nalo ni la lahaja na maana yake ni ule msukosuko wa upepo unaopiga nyumba iliyo juu kilimani. Kwa hiyo lahaja ilishakupokea tangu kwenye jalada.

Kuhusu maneno ambayo kamusi haina, shida ni kwamba ulikuwa unatafuta neno moja moja, wakati lahaja huenda kwa kanuni. Wewe kanuni za namna hii unazijua kwa lugha yako. Mwana Kupona wa Pate alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, miaka 11 tu baada ya riwaya hii, alimwita hivi: “Ndoo mbee ujilisi.” Mtu wa bara akiisoma kwa macho anaona ndoo ya maji. Akiisikia, na akiambiwa kwamba “nj” ya kwetu kwao ni “nd” na kwamba “l” ya “mbele” imedondoka, anasikia mama mgonjwa anasema njoo mbele ukae. Kuanzia hapo “ndia” haimsumbui, ni njia. Hakufungua kamusi mara mbili.

Za Joseph zinazofanya kazi kubwa ni chache. “T’” iliyobandikwa mbele ya neno ni “the” iliyomezwa ikabaki mkia. Pale unapotarajia sauti ya “ou”, yeye ana “ah”: “rahnd”, “ahr” kwa “our”. “Aw” ni mimi, “shoo” ni yeye wa kike, “un” ni na. Halafu kuna msamiati wa kukariri tu: “nobbut” ni “tu” au “isipokuwa”, “nowt” ni hakuna kitu, “owt” ni chochote, “summut” ni kitu fulani, “allas” ni daima, “flaysome” ni ya kutisha, “lug” ni sikio, “bairn” ni mtoto. Yaandike kwenye kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja, uitumie kama alama ya ukurasa. Usivuke maneno 20. Kadi ikijaa inageuka daftari, na daftari ndilo lililokula ile saa yako moja kwa ukurasa.

Sasa nirudi kwenye neno la shangazi lililokukaa kooni. Umelisikia kama tusi. Inawezekana lilikuwa tusi, mimi sikuwepo, wala sauti yake siijui. Ila lisome tena ukiwa umetulia: hakushindwa na macho, kashindwa na masikio. Mwalimu aliyeishi na kitabu hiki miaka mingi anaweza kuwa alikuwa anakupa ufunguo. Emily mwenyewe alikuwa mtu wa sikio. Jikoni kwao Haworth kulikuwa na mtumishi wa hukohuko, Tabitha Aykroyd, wao wakimwita Tabby. Ipo karatasi ya kumbukumbu aliyoiandika Emily Novemba 1834, ana miaka 16, wamechelewa kazi za jikoni, na Tabby anamwambia mdogo wake Anne amenye kiazi. Emily aliandika alichosikia: “pilloputate”. Maneno matatu ya Tabby yamekuwa moja, kama yalivyotoka mdomoni. Miaka 13 baadaye akachapishwa Joseph, aliyeandikwa kwa sikio lilelile. Ukimsoma kimya unamsoma kinyume na alivyotengenezwa.

Hapo ndipo kitabu cha kusikiliza kinapofaa. Zipo rekodi za bure za LibriVox, zinazosomwa na watu waliojitolea. Angalizo ni kwamba si kila msomaji anaiweza lafudhi ya Yorkshire, na anayeiweza vizuri mno anaweza kukuacha palepale ulipokuwa. Ukisikiliza bila kitabu mkononi ukiwa unapika, maneno ya Joseph yatapita kama kelele za jirani. Weka ukurasa mbele yako, punguza kasi ya sauti kidogo, kidole kifuate. Fanya hivyo kwa sehemu za Joseph peke yake, kwingine soma mwenyewe. Ukifanya hivyo sura ya 2, 9, 10 na 13, sikio litakuwa limeshashika.

Umeniuliza kuhusu muhtasari kana kwamba unaniuliza kuhusu wizi. Tofautisha muhtasari wa kusoma kabla na wa kusoma badala. Riwaya hii inaanza mwaka 1801, karibu na mwisho wa mambo yake, inasimuliwa na Lockwood, mpangaji mgeni asiyejua lolote, kisha kuanzia sura ya 4 na Nelly Dean, mtumishi wa nyumba, anayerudi nyuma miaka 30 hivi. Kuna Catherine wawili, mama na binti. Kuna Linton ambalo ni jina la ukoo, na Linton mwingine ambaye ni jina la kijana wa Heathcliff. Chora ukoo kwenye karatasi: upande mmoja mzee Earnshaw na watoto wake Hindley na Catherine, na Heathcliff aliyeokotwa Liverpool, upande wa pili Edgar na Isabella Linton, chini yao watoto watatu, Hareton, Catherine mdogo na Linton mdogo. Uibandike ndani ya jalada. Nina wasiwasi kwamba sehemu ya uchovu unaomtwika Joseph ni ya majina haya. Tena usijilaumu kwa kuchanganyikiwa katika zile sura tatu za mwanzo. Lockwood naye amechanganyikiwa: anadhani rundo la sungura waliokufa ni paka, na binti wa nyumba anamdhania mke wa Heathcliff. Mwandishi amekuweka makusudi kwenye viatu vya mgeni.

Kumruka Joseph kabisa, kama ulivyofanya mara ya tatu, ni njia halali na watu wengi huipita. Lakini uliona mwenyewe ilipokatikia. Sura ya 10, habari kwamba Hindley na Heathcliff wanakesha wakicheza kamari, na kwamba Hindley anakopa kwa dhamana ya ardhi yake, Nelly anaipata kwa Joseph, walipokutana Gimmerton, kijiji cha jirani. Huo ndio mlango ambao nyumba inaanza kuhamia mikononi mwa mwingine. (Fedha za kwanza za Heathcliff zilitoka wapi, usijisumbue, kitabu hakisemi popote.) Kama utaruka, basi ruka manung’uniko yake ya dini, ambayo ni mengi na yanajirudia, lakini simama kila Joseph anapoleta habari ya mtu.

Na sura ya 13, iliyokufungisha kitabu, naomba uirudie na jicho jingine. Isabella, binti wa nyumba ya kitajiri, ameolewa na Heathcliff na kuletwa usiku kwenye nyumba asiyoijua. Anamwomba Joseph kwa adabu aingie naye ndani. Joseph anamjibu kwa kumwigiza, “Mim! mim! mim!”, anasema anatafunatafuna maneno, atajuaje anasema nini? Yaani Joseph naye haelewi. Kiingereza safi cha Isabella, kile ulichofundishwa wewe, kwa mzee yule ni sauti ya panya. Aliyefika pale peke yake bila wa kumwelewa ni Isabella, na Emily amekulazimisha usote naye kurasa zilezile. Ule uchovu ulioupata ndio uchovu wake.

Tena kuna kitu filamu haikukuonyesha. Filamu nyingi huishia kifo cha Catherine, ile maarufu ya 1939 ilikata kizazi cha pili chote, na kifo hicho kiko sura ya 16 kati ya 34. Nusu ya pili ina Hareton, kijana aliyenyimwa shule makusudi, anayesema kwa lafudhi ya kijijini na kuchekwa kwa hilo. Katika sura ya 31 amejikusanyia vitabu kwa siri na anajifunza peke yake kusoma. Catherine mdogo anamuumbua mbele ya mgeni: anasema alimsikia akipekua kamusi kutafuta maneno magumu, kisha akilaani kwa sababu maelezo ya kamusi nayo hakuweza kuyasoma. Hareton anatoka, anarudi na vitabu vyake kama sita hivi, anamtupia mapajani. Anachekwa tena. Anavichukua na kuvitupa motoni.

Nilipofika mahali ulipoandika kuhusu daftari, kamusi na ile saa nzima, Hareton ndiye aliyenijia. Sura ya 32 sikuambii ina nini. Nakusihi tu, kama utaamua kuacha kitabu, ukiache baada ya hiyo.

Kuacha napo kunaruhusiwa. Umeuliza kama ni vibaya kutokipenda. Watu wenye akili zao wamekichukia tangu 1847 kwa ukatili wake, kwa Heathcliff asiyehurumiwa wala kuhurumia. Ninachokuomba ni ujue unachokikataa. Ukisema “sikipendi kwa sababu watu wake wananiumiza”, hiyo ni hukumu ya msomaji na shangazi anaweza kubishana nawe usiku kucha kwa raha. Ukisema sikipendi wakati maana yake ni “sikumsikia Joseph”, utabaki na dukuduku, nalo litakufuata kwenye kitabu kingine.

Sasa shangazi. Umechukulia kwamba anapouliza “umefika wapi?” anakupima. Yeye alikuwa mwalimu, kwa hiyo huenda ni kweli. Lakini fikiria mtu aliyesoma maisha yake yote, macho yamezibwa na ukungu, kitabu chake kiko Mwanza. Kila Jumapili anauliza kiko ukurasa gani. Je, haiwezekani kwamba ndiyo njia aliyobaki nayo ya kukisoma? Sidai kuijua nia yake. Nakuonyesha tu kwamba swali lina uso zaidi ya mmoja, na wewe umeutazama mmoja tu.

Ukimwambia ukweli kwenye simu kabla hajaja, kuna hatari kwamba kitakachomuumiza si kitabu, ni zile Jumapili zote. Hilo usilipunguze. Mtu mzima hudhurika zaidi kwa kudanganywa polepole kuliko kwa kuambiwa “nimeshindwa”. Faida yake ni kwamba ana wiki kadhaa za kupoa kabla ya kufika. Ukinyamaza na kusoma kwa nguvu, hesabu inaruhusu: sura 34 kwa siku 35 ni sura moja kwa siku, ingawa hazilingani, ya 5 ni fupi na ya 9 ni ndefu mno, kwa hiyo zipangie siku za mapumziko. Hatari ni kwamba akikudaka kwa swali dogo la sura uliyosema ulishaimaliza, utamjibu kutoka kwenye filamu, naye atajua papo hapo. Muhtasari haukuokoi hapo. Wanaokipenda kitabu hawaulizi kilichotokea, wanauliza umempendea nini Nelly.

Ipo njia ya tatu, na sijui kama inakufaa kwa sababu inahitaji ujasiri wa aina nyingine. Jumapili hii, akishauliza umefika wapi, umwambie: “Shangazi, Joseph amenishinda, nimerudi sura ya 2. Nikusomee, unisahihishe?” Halafu umsomee ule mstari kwa sauti. Ukiri umo ndani ya ombi, ingawa haujakamilika, na uongo wa nusu kitabu bado utataka kusemwa siku yake. Anaweza kukukatiza kila neno hadi ukajuta. Anaweza kuona unamhurumia kwa ajili ya macho, na wazee wengine hilo hawalipendi kabisa. Kifurushi cha dakika nacho kitaisha, kwa hiyo chagua kipande cha nusu ukurasa, kisizidi, na ukisome mara tatu peke yako kwanza.

Wewe ndiye unayeijua sauti yake anapokasirika na anapofurahi. Mimi nina barua moja tu. Kama utataka kuniandikia tena, niambie aliposikia “goa rahnd” alisema nini.